Rivyu ya kigari cha kukimbilia na mtoto: mtaani Sinza kero, siku ya mbio daraja la Tanzanite raha tupu

Nianze na jibu kwa wasiopenda maelezo marefu. Kigari ni kizuri, barabara ndo hamna. Kama unaishi Dar na unawaza kununua strola ya kukimbilia, zile za matairi matatu makubwa, usianze kuuliza kampuni gani nzuri au bei gani, anza kujiuliza utakikimbizia wapi, maana mi changu siku nyingi kinashinda kimekunjwa nyuma ya mlango wa sebuleni kinatundikiwa kanga na mikoba, alafu siku ya mbio barabara zikifungwa kinageuka kitu kingine kabisa mpaka unajiuliza hivi ndo hiki hiki?

Niweke wazi pia, hakuna aliyenilipa. Nimenunua kwa hela yangu, ni mtumba, na kampuni siitaji kwasababu vilivyochoka kwenye changu vimechokeshwa na aliyekitumia kabla yangu huko Ulaya, kumbebesha mtengenezaji lawama sio haki. Ninayosema yanahusu aina nzima ya hivi vigari.

Kwa wasiovijua. Strola ya kawaida ile ya kwendea kliniki ina vitairi vidogo vya plastiki ngumu, vya mbele vinazunguka kila upande ili ugeuke kirahisi dukani. Jaribu kukimbia nayo uone, vitairi vya mbele vinaanza kutetemeka kama toroli la supamaketi lenye gurudumu bovu, na kikikutana na kijiwe kikageuka ubavu strola inasimama ghafla we unaishia tumboni kwenye mshikio na mtoto anaenda mbele. Kigari cha kukimbilia kimefikiriwa tofauti. Matairi matatu, ya nyuma inchi 16, la mbele inchi 12 au kubwa zaidi, yote ya upepo, shokapu nyuma, mshikio umetengwa mbali na ekseli ili ukirusha mguu usigonge chuma, na tairi la mbele lina loki. Ukiifunga tairi linabaki limenyooka, haligeuki hata ulifanyeje. Asili yake ni kwamba mwaka 1984 kuna jamaa mwandishi wa habari wa Yakima, jimbo la Washington kule Marekani, Phil Baechler, alitaka kukimbia na mwanae mdogo akaona strola za dukani hazifai, akafunga matairi ya baiskeli kwenye strola. Ikawa biashara, kampuni ikaitwa Baby Jogger. Kwaiyo ukikiangalia vizuri unaona kabisa hiki ni ndugu yake baiskeli, na hilo ndo limeniokoa kwenye spea, nitafika huko.

Kuhusu umri wa mtoto, usibebe kichanga ukaenda nacho jogging. Makampuni mengi yanasema usikimbie kabla ya miezi 6, mengine yanasema 8, sababu ni shingo, mtoto lazima awe anamudu kichwa chake mwenyewe maana kukimbia kunarusha hata kama shokapu ni nzuri. Ulizeni kliniki kwanza. Binti yangu ana mwaka na miezi kadhaa, kilo 11 na ushee, anakaa wima mwenyewe na anatoa maoni kuhusu kila mbwa tunayempita.

Nimekipata Kinondoni kwenye duka la vitu vya watoto vya mtumba. Muuzaji kaanza laki tano na nusu.

"Kaka hiki cha Ujerumani hiki, hakifi."

"Breki ya mkono inashika?"

"Breki ya nini sasa kaka, mtoto anakwenda wapi?"

Tukaishia laki tatu na thelathini, na breki ilikuwa inashika, waya tu ulikuwa umelegea. Vipya vya majina makubwa kule nje vinaweza kufika dola mia sita mpaka mia saba, bado hujaweka usafiri, so kwa wengi wetu mtumba ndo njia. Ila ukinunua mtumba kuna sehemu moja usiionee aibu kuikagua mbele ya muuzaji, ipigie magoti kabisa: tairi la mbele linavyofungwa. Nyingi zina ile loki ya mkono ya kuchomoa tairi haraka, unazungusha nati kidogo alafu unakandamiza mkono wa loki yenyewe. Ikifungwa nusu nusu tairi linaonekana limekaa, kumbe halijakaa. Mwaka 2018 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa, CPSC, iliifungulia kesi kampuni ya Britax kwa strola za BOB zilizouzwa kati ya 2011 na 2015, karibu laki tano hizo, ikidai tairi la mbele linaweza kuchomoka mtu akiwa anakimbia. Kampuni ilipinga, ikasema shida ni watu hawafungi ile loki inavyotakiwa, na mwaka huo huo wakamalizana kwa makubaliano, kampuni ikafanya kampeni ya kufundisha watu kufunga na kutoa vifaa vya kubadilisha. Sisemi BOB ni mbaya, wakimbiaji wengi sana wanaipenda mpaka leo. Nasema vitu vya umri huo ndo vinavyotufikia sisi kwenye marobota, na kitabu cha maelekezo hakiji na robota. Kwaiyo funga, nyanyua mbele, litingishe kwa nguvu, likicheza achana nacho. Alafu kiweke sakafuni, kisukume kwa kidole kiende chenyewe hatua kumi, kikivuta upande mmoja ujue either tairi la mbele halijakaa katikati au fremu imepinda. La kwanza linatibika. La pili mwachie muuzaji Ujerumani yake.

Sasa usafiri. Hili hakuna anayekwambia. Kikikunjwa bado ni kikubwa, matairi ya inchi 16 hayakunjiki, kwaiyo buti ya IST haifungi mpaka uchomoe matairi yote matatu. Nimeshapata dereva wa teksi za mtandao amefika, kakiangalia, kaniangalia, akaniambia "boss mzigo huo agiza Noah". Bajaji inakubali, ila we unakaa umekumbatia fremu, mama yake anashika mtoto, tairi moja liko miguuni kwa dereva. Siku ya mbio saa kumi na moja alfajiri mko hivyo barabara ya Mwinyi, sio picha ya kupost.

Mtaani sasa. Sinza barabara za ndani nyingine zina lami, nyingine zina lami iliyokuwepo, na mguu haupewi sehemu. Unatoka getini unakutana na mtaro usio na mfuniko, ukivuka kuna kokoto za jirani anayejenga, mbele kuna bodaboda zimepaki kijiweni, mama wa chapati katandaza jiko, na nafasi iliyobaki ni kipande kile cha pembeni ya lami ambacho kila gari inayopishana inakihitaji. Na hapa kuna kitu sikuwahi kukifikiria mpaka niliposukuma kigari: barabara haiko flati. Imeinuliwa katikati ikashushwa pembeni ili maji ya mvua yaende kwenye mtaro. Ukitembea huoni, ukiendesha gari huoni, ila ukiwa na kigari kilichofungwa tairi la mbele kinakwambia kila hatua, kinavuta kushoto, kinataka mtaro. Unatumia mkono mmoja kukivuta kirudi, bega linauma kabla miguu haijachoka. Wanaojua wanakwambia kimbilia katikati ya barabara pale palipo juu, sawa, nenda kakimbilie katikati ya Shekilango uje utuhadithie.

Matuta nayo. Tuta kubwa hamna shida, unapunguza, unakandamiza mshikio mbele inanyanyuka, unapita. Kinachoua ni rasta, yale matuta madogo madogo yaliyofuatana. Kigari kinatetemeka mpaka mtoto akisema "baaaa" sauti inakatika katika vipande. Yeye anafurahi. Mi nawaza beringi.

Sehemu pekee nilizoona zinafaa kwa mazoezi ya wiki ni Chuo Kikuu pale Mlimani asubuhi ya jumapili kabla ya watu wa ibada, ingawa vilima vyake ni adhabu, na ile pembeni ya bahari Oysterbay mapema sana. Kwa mtu wa Tabata au Mbagala ina maana upande usafiri uende kukimbia, na tumeshaongea habari za IST.

Haya, mbio. Jina la mbio silitaji, ni moja kati ya hizi za hisani ambazo kila mwezi Dar zipo, unalipa kiingilio unapewa tisheti, namba ya kifuani, na ukimaliza medali na ndizi. Kwenye usajili niliuliza mapema kama strola inaruhusiwa, na nakushauri uulize kabla hujalipa, maana wengi wao hawajawahi kuulizwa na kila mtu atakujibu lake. Dada wa dawati kaangalia kigari. "Huyu nae anakimbia?" Nikamwambia yeye anasimamia. Akacheka akaenda kumuuliza mkubwa wake, jibu likarudi: kilomita 5 sawa, kumi na ishirini na moja hapana, na uanzie nyuma kabisa ya watu wote.

Kuna watu hilo la nyuma linawaudhi, mi naliunga mkono mia kwa mia. Pale mbele watu wanaondoka kwa fujo, yupo anayesimama kufunga kamba, yupo anayerudi nyuma kumtafuta mwenzie apige selfi, na kigari chenye tairi la mbele lililofungwa hakikwepi kwa ghafla. Ili ukigeuze lazima ukandamize mshikio unyanyue mbele kidogo ndo uelekeze. Kwenye msongamano utamvunja mtu kisigino. Na wala sio ushamba wetu huo, Boston na New York strola haziruhusiwi kabisa kwenye marathon zao. Boston hiyo hiyo ndo Dick Hoyt alimsukuma mwanae Rick, aliyekuwa na utindio wa ubongo, kwenye kiti cha magurudumu marathon 32, na mwanzoni hata wao ilibidi wapigane ndo wakakubaliwa rasmi. Toronto kwa upande wao waliruhusu strola, na mwaka 2016 Mkanada mmoja anaitwa Calum Neff alikimbia pale marathon nzima anasukuma mwanae kwa saa 2 na dakika 31, ikaingia kwenye rekodi za Guinness. Saa mbili na nusu na mtoto ndani. Kuna watu tunakimbia peke yetu, tumepunguza uzito, tumenunua viatu vya laki nne, na muda huo tunausikia tu kwa jirani.

Njia yetu ilianzia Oysterbay, ikaingia daraja la Tanzanite, ikageuzia upande wa hospitali ya Aga Khan, ikarudi. Daraja lenyewe ni kilomita moja na vimita kidogo juu ya bahari, lilifunguliwa 2022, na siku za kawaida unalipita ndani ya gari unawahi mjini hulioni. Siku hiyo magari hamna. Lami mpya laini, njia zote zetu, na nikafanya kile ambacho mtaani hakiwezekani, nikashika katikati ya njia pale barabara ilipoinuka. Kigari kikanyooka. Nikatoa mkono mmoja, nikabaki na mmoja unagusa tu mshikio, kikaenda chenyewe mbele yangu. Bega likapumzika, nikaanza kurusha mkono wa pili kawaida unavyokimbia siku zote, nikabadilisha, hivyo hivyo. Ndo nikaelewa mtu anatoaje dola mia saba. Hiki kitu kimetengenezewa lami ya namna hii, na sisi lami ya namna hii isiyo na gari juu yake tunapewa asubuhi chache kwa mwaka.

Darajani kuna vile viungio vya chuma vinavyokata barabara kwa upana. Vitairi vya strola ya kawaida pale vingeweza kunasa, hili linapita juu yake, linatoa mlio wa tak-tak, mbele alafu nyuma. Kiungio cha kwanza binti akashtuka. Cha pili akageuka anataka kuniona. Cha tatu akasema "tena!" na kuanzia hapo kila tukikaribia mstari anajiandaa, miguu juu, tak-tak, anapiga makofi. Kuna kundi la kina mama wa klabu moja ya jogging walikuwa pembeni yetu wakaanza kumsaidia kuhesabu, kwaiyo kigari kimoja kikawa na timu ya ushangiliaji.

Kupanda mwanzo wa daraja ni mwinuko mdogo, kwa mguu tupu huuhisi, kwa kigari unauhisi kwenye mapaja. Piga hesabu: kigari kilo 12, mtoto 11, mkoba wa chini wenye maji, diapers, nguo za akiba na biskuti kilo mbili. Robo kwintali hiyo unaisukuma. Usiegemee mshikio ukainama kiuno, watu wengi nimewaona kwenye video wanafanya hivyo, mgongo utakulipisha jioni, simama wima sukuma kwa hatua fupi fupi. Kushuka ndo kuna jambo. Kile kilo 25 kinataka kuondoka, na hapa ndo yule muuzaji wangu wa Kinondoni angepata jibu mtoto anakwenda wapi. Kigari cha kukimbilia lazima kiwe na mkanda wa kuvaa kiganjani ulioshonewa kwenye fremu. Uvae. Ukijikwaa ukaachia mshikio mkanda unakishikilia, bila hivyo kinaenda peke yake na we unabaki kupiga kelele. Cha kwangu mkanda wa asili ulikuwa umechakaa, fundi viatu kanishonea wa mkanda wa begi kwa elfu tatu, nimeuning'iniza kwa uzito wangu haujakatika. Na breki ya mkono unaigusa kidogo kidogo, sio kuishika ghafla. Ile ya mguu ya nyuma usiiguse kigari kikiwa kinatembea, hiyo ni ya kupaki.

Vituo vya maji. Jamani waandaaji wa mbio, kwa upendo tu. Chupa za plastiki watu wanakunywa mafunda mawili wanatupa katikati ya njia, zinabiringika. Mtu wa miguu anaruka. Tairi la inchi 12 likipanda chupa yenye maji nusu linateleza pembeni, mara moja mbele ilihama kama shubiri nzima na moyo ukahama nao. Suluhisho ni kupita upande usio na meza, polepole, na maji ujibebee mwenyewe. Kijana wa kujitolea mmoja aliniona nimeshapita akanifukuzia na chupa mkononi, "mzee baba maji ya mtoto haya!" Namshukuru popote alipo.

Tukiwa tunarudi, mtu nyuma yangu anaita "kiatu! kiatu!" Mi najua yangu iko mguuni, naendelea. Kumbe mwenye kigari kavua sandali moja kaitupa darajani, anaangalia kulikoni huku. Dada mmoja kaiokota kakimbia nayo mpaka kanifikia, kanipa, hata hakupunguza spidi. Kwaiyo ushauri wa bure, mtoto avae soksi, au viatu vya kufunga, au asivae chochote. Na usimning'inizie mdoli wowote unaompenda.

Joto. Mbio zilianza saa kumi na mbili asubuhi, lakini Dar ni Dar, saa moja jua liko kazini. Watu wanasahau kwamba we unakimbia unapigwa upepo, mtoto kakaa nyuma ya kitambaa. Kile kibanda cha juu ukikishusha chote kinaleta kivuli ila fungua kidirisha cha nyavu nyuma hewa ipite. Hapa ndo nikapata mgogoro. Mama mmoja mtu mzima kwenye watembeaji, kwa heshima zote, kaniita.

"Baba, hongera sana, Mungu akutunzie. Ila mfunike mtoto, upepo wa bahari huu."

"Shikamoo mama. Nikimfunika atapata joto."

"Marahaba. Chukua hii kanga, weka hapo juu, jua lisimpige."

Kanga juu ya kigari usiweke. Najua inaonekana ni huruma, na kila bibi atakushauri, lakini ukifunika mbele yote hewa ndani haizunguki na joto linapanda haraka kuliko unavyodhani, hata kitambaa kiwe chepesi. Kofia ya upindo, nguo nyepesi ya pamba, maji kila baada ya muda, na unasimama unamgusa shingoni. Mama sikumbishia, nilimshukuru, nikaikunja kanga nikamwekea binti mapajani, tulipogeuza tukapishana nae tena tukamrudishia yake. Watu wa hivi ndo wanafanya nipende hizi mbio.

Na maneno mengine ya njiani sasa. Mwanaume anasukuma strola Dar ni kipindi cha vichekesho. "Shemeji mama mtoto kakukimbia?" Hapana kaka, yuko mbele na kilomita 10 zake, sisi ndo tunamkimbiza. "Dada wa kazi kaenda likizo?" "Bro unauza nini humo?" Trafiki mmoja pale kona kanipigia saluti. Mzungu mmoja akapita na kigari kama hiki tukapeana ishara ya mkono bila kuongea, na hakuna aliyemuuliza yeye dada wa kazi yuko wapi. Sijakasirika, naripoti tu.

Muda wangu ulikuwa dakika nne tano hivi juu ya kilomita 5 zangu za kawaida, na nilisimama kwa kiatu, kwa kanga na kwa biskuti. Kama unatafuta rekodi yako binafsi muache mtoto kwa bibi yake. Medali alipewa yeye kwa sababu alianza kulia alipoona ya mwenzie, ikaishia mdomoni, kwaiyo mkimaliza muoshe mtoto mikono na uioshe na hiyo medali.

Kwa wapenda maksi: kama kifaa nakipa 8 kati ya 10, mbili nimezikata kwa ukubwa kikikunjwa na kwa uzito wa kukipandisha ngazi, tunakaa ghorofa ya pili na lifti ni sisi wenyewe. Kama kitu cha kutumia kila siku mtaani kwetu nakipa 3, na hizo tatu ni kwasababu mtoto akilala humo anaendelea kulala. Kwa siku ya mbio barabara ikifungwa, 10 bila maneno. Kwa kwenda nacho sokoni au kwenye mwendokasi hata usijaribu, strola yako ndogo ya zamani usiigawe.

Spea nilisema nitafika. Tairi la nyuma inchi 16 linaingia tyubu ile ile ya baiskeli ya mtoto namba 16, Kariakoo zimejaa, bei ya soda chache. La mbele la 12 nalo tyubu zipo, ila uliza yenye shingo iliyopinda, ya shingo iliyonyooka ukishaifunga kichwa cha pampu hakiingii kati ya spoki unabaki unalaani. Valvu, pale pa kujazia upepo, ni kama ya pikipiki kwaiyo fundi pancha yoyote anakujazia, lakini simama pale pale kwenye kompresa usiende kununua vocha, maana ukimuacha atakupiga upepo wa bodaboda. Soma ubavuni mwa tairi, nyingi zinasema mwisho PSI 30, hicho ndo kipimo cha upepo. Ukizidisha kigari kinadunda mtoto anaruka, ukipunguza sana kinakuwa kizito na rimu inagonga. Beringi za nyuma zikianza kulia grisi kidogo, mchanga wa ufukwe wa Coco unaingia kila mahali. Kitambaa cha kiti kinatoka, kinafuliwa kwa mkono, kianikwe kivulini. Nilichotoa ndani ya mikunjo ya changu siku ya kwanza kukifua ni makombo ya biskuti za Kijerumani na jiwe.

Kwa hiyo mwenye lengo la mbio moja mbili kwa mwaka na mtoto, laki tatu hiyo kaa nayo, azima. Mtoto mwenyewe akifika miaka mitatu minne ataomba kushuka akimbie, na hapo umebaki na fremu. Changu tayari kimezunguka kwa marafiki wawili wa klabu yetu, masharti yangu ni madogo, unakuja na Noah sio IST, unakirudisha na upepo wake, na makombo yako unaondoka nayo.